Isale Haliulizwi

Anande alimpata mtoto kwa njia ambayo watu wa mtaa wa Sakina hupatia sufuria za jirani: aliachiwa kwa muda mfupi. Ilikuwa mwaka wa themanini na saba. Tabitha, msichana aliyepanga chumba cha uani na kupika chapati kwenye mgahawa wa madereva wa malori, alibisha mlango wa jikoni, mtoto kamshika kiunoni kama mkungu wa ndizi.

"Dada, naomba unishikie huyu. Nafika Namanga mara moja. Kesho kutwa nimerudi."

Siku hizo watu walikwenda Namanga, mpakani, kufuata vitu ambavyo serikali ilikuwa bado haijaamua kama ni biashara au ni magendo: sabuni, vitenge, dawa ya meno. Waliokamatwa waliitwa walanguzi. Ambao hawakukamatwa waliitwa, miaka michache baadaye, wafanyabiashara wazalendo. Anande hakuuliza maswali. Alimpokea mtoto pamoja na kanga iliyofungiwa nepi, akarudi kwenye maandazi yake. Kesho kutwa ikapita kimya kimya, ikafuatwa na nyingine.

Mtoto alikuwa wa kike, ameachishwa ziwa karibuni, mwenye meno machache na hasira nyingi. Aliitwa Brightness.

Anande alikuwa Mmachame, Mlutheri, ameolewa na Mmachame mwenzake, Elihuruma, mtunza bohari wa kiwanda kimoja cha serikali. Ndoa yao ilikuwa na kila kitu: cheti cha kanisa, kabati la vyombo, redio inayoshika Nairobi bila kubembelezwa. Kilichokosekana ni kile tu ambacho mama mkwe husafiri kuja kukagua. Kila Krismasi Bibi Anaeli, mama yake Elihuruma, alishuka kutoka Machame, akamsalimia mkwewe huku akitazama tumbo kwanza na uso baadaye, kisha akauliza habari za kuku.

Kwa hiyo Tabitha aliposhindwa kurudi, Anande alisikitika kama jirani mwema anavyopaswa kusikitika, na akaenda kununua kitambaa cha kushona gauni dogo.

Haifai kusema kwamba mtoto yule aliwatesa. Aliwafaidi kuliko mshahara wa kiwanda. Pale Sakina, mwanamke asiye na mtoto huitwa kwa biashara yake. Anande aliitwa Mama Maandazi kwa miaka, akaitika kwa adabu, kama anayemwitikia mtu mwingine aliyetoka. Sasa barabara nzima ilimwita Mama Brightness. Elihuruma, ambaye zamani alitoka kazini akapitia sehemu ambazo hazikuwa njiani, alianza kurudi moja kwa moja. Alijifunza hata kusuka nywele. Alisuka kwa namna ya mtunza bohari anayefunga marobota, na mtoto alitoka nje na kichwa ambacho upepo wala mvua havikuweza kukifanya lolote.

Matatizo nayo hayakukosa njia. Violet, mama yake Hans, aliyeuza mitumba upande wa pili wa barabara, aliyaeleza yote kwa pumzi moja siku Anande alipomfukuza Brightness kwa fimbo hadi kwenye gereji.

"Pole, Mama Brightness. Mtoto wa kulea ndivyo alivyo. Ukimchapa wanasema kwa kuwa si wako. Usipomchapa wanasema kwa kuwa si wako."

"Basi nifanye nini?"

"Chapa, shoga. Angalau mkono upumzike."

Jambo la kumfanya Brightness awe wao kabisa lilizungumzwa mara nyingi, na kila aliyelizungumza alikuwa na njia yake. Mchungaji alimbatiza, akaandika majina ya Anande na Elihuruma palipostahili kuandikwa wazazi. Bibi Anaeli, ambaye baada ya mwaka mmoja alikuwa amempenda mtoto kwa kificho, alitaka achinjwe mbuzi nyumbani Machame, wazee waonje, mtoto aingie katika ukoo. Elihuruma alikubali, akasema kwanza wamalize paa. Kisha palikuwa na Reginald, bwana mmoja wa Ustawi wa Jamii, muumini wa usharika wao, aliyewashika nje ya kanisa akawaambia kuna utaratibu wa kuasili mtoto mahakamani: mama hajulikani aliko, hakimu hatakuwa na ugumu, njooni ofisini tuanze.

"Mtoto wangu nimwombe kwa hakimu?" alisema Elihuruma. "Hakimu alikuwa wapi mtoto alipokuwa anaharisha?"

Hoja hiyo ilionekana nzito. Ofisini hawakwenda. Paa nalo, kama mapaa mengi ya miaka ile, halikuisha. Brightness akakua akiwa amefika mbele ya Mungu, lakini mbele ya sheria na mbele ya ukoo akiwa bado yuko njiani.

Na palikuwa na jambo ambalo Anande alilijua peke yake. Tabitha, enzi za chapati, aliwahi kumwambia kwamba kwao ni Akheri, kwa Wameru, na kwamba baba yake mkubwa ni Mzee Manase, mzee wa kanisa huko. Akheri si Ulaya. Unapita mjini, unafika Tengeru, unapanda mlimani kwa miguu. Anande alikwenda Tengeru siku za soko kununua ndizi, na akiwa sokoni angeweza kuonyesha kwa kidole vilima vya Akheri na migomba yake. Alikuwa akichagua ndizi zake akiwa ameipa Akheri mgongo.

Miaka ya tisini ikaja na mageuzi. Kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini, na kiwanda cha Elihuruma, kilipoona vilivyoingia, kikapunguza wafanyakazi. Elihuruma alipunguzwa. Akaenda gereji ya jirani kulala chini ya magari ya watu wengine. Brightness akawa darasa la tatu, mrefu, mwenye mdomo. Maandazi ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba, na Anande alikuwa mwanamke aliyechoka ambaye, ukimuuliza, angesema hajambo, na angekuwa hasemi uongo.

Katika vitu vilivyorudi nchini mwaka wa tisini na sita alikuwemo Tabitha.

Alikuja Jumamosi mchana, amevaa suti ya Nairobi, na pembeni yake mzee mwenye koti zito na kofia mkononi. Walisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Anande alimtambua kabla hajajua kuwa amemtambua. Kwa miaka alikuwa amemngojea mwanamke huyu katika mawazo, na kila mara alikuja na polisi, au na karatasi, au na matusi ya barabarani, na kwa yote hayo Anande alikuwa amejiandalia majibu.

Tabitha hakuja na hayo. Alikuja na isale.

Kwa asiyelijua, isale ni jani refu la mmea unaopandwa mipakani mwa migomba. Wamachame na Wameru wana mengi wasiyokubaliana, lakini hili wanakubaliana: aliyekukosea akikuletea jani hilo limefungwa fundo, unapokea. Watu wamewapokelea waliochoma nyumba zao, wakiwa wamekunja nyuso, lakini wamepokea. Yanayompata anayekataa huwa hayasimuliwi kwa urefu, na ufupi huo ndio unaotisha.

"Shikamoo, dada," alisema Tabitha, macho chini.

"Marahaba."

"Mama," alisema mzee, "mimi ni Manase, wa Akheri. Binti yetu huyu alikukosea. Alikutwika mzigo, akakimbia. Sisi wazazi hatukujua kama alizaa. Tumejua juzi tu, aliporudi. Tukaona aibu. Tumekuja na hili."

Tabitha akapiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Anande alilipokea. Alisema, "Nimesamehe," na alikuwa anasema kweli. Baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi. Laiti angekuwa amedanganya, angekuwa na pa kushika.

Wakaingia, wakanywa chai. Brightness aliitwa kutoka kucheza, akaja na vumbi lake.

"Shikamoo babu. Shikamoo anti."

"Marahaba," alisema Tabitha, akakitazama kikombe kwa muda mrefu kama mtu anayesoma.

Walipoondoka, Anande aliosha vyombo akiimba tenzi. Mume alirudi na grisi mikononi, akamkuta katika hali hiyo.

"Walikuja kufanya nini?"

"Kuomba msamaha."

"Halafu?"

"Halafu wakaondoka."

"Mtu atoke Nairobi na suti, aje aseme samahani, aondoke?"

"Wewe, Baba Brightness, huamini watu."

"Nilikuwa mtunza bohari," alisema Elihuruma.

Jumamosi iliyofuata walirudi na gari dogo la mizigo. Safari hii walivuka kizingiti bila kungoja. Mzee Manase aliketi, akaomba maji, akayanywa, akashukuru. Kisha akasema, bila ukali wowote:

"Mama, tumemfuata mtoto."

"Mtoto gani?"

"Brightness."

"Si mlikuja kuomba msamaha?"

"Na ukatupa. Mungu akubariki sana. Tumelitangaza hata kanisani." Mzee akakiweka kikombe chini taratibu. "Sasa nisaidie kitu kimoja, mama. Mtoto huyu alikaa hapa kwa sababu gani? Kwa sababu ya kosa la mama yake. Kosa lipo?"

Anande alivuta kitambaa cha meza kikae sawa.

"Halipo. Umeliondoa mwenyewe, kwa mikono miwili, Tabitha akiwa amepiga magoti. Sasa mtoto anakaa kwa sababu gani? Baba yake hajulikani. Mtoto wa binti asiyeolewa ni wa nyumbani kwa binti. Kwenu Machame ni hivyo, kwetu Meru ni hivyo."

"Ningejua ndilo mnalolitaka nisingelipokea!"

"Isale linakataliwa, mama?"

"Halikataliwi."

"Ndiyo maana tulilileta," alisema Mzee Manase, na usoni mwake palikuwa na huruma ya kweli, ambayo ni vigumu zaidi kupambana nayo kuliko dharau.

Anande alianguka chini, pale pale sebuleni, mbele ya kabati la vyombo. Hakulia kwa sauti. Aliushika mguu wa meza kama vile ni meza ndiyo inayotaka kuchukuliwa. Elihuruma aliyeitwa kutoka gereji alisimama mlangoni na spana mkononi, asijue kama amekuja nayo kwa sababu ya haraka au kwa sababu nyingine. Mzee Manase aliitazama spana hiyo, akasema kwamba hawakuja kuvunja nyumba. Mtoto amalize muhula, shule zikifungwa watakuja.

Ndivyo Anande alivyopewa wiki chache za kuokoa maisha yake.

Alianza na Bibi Anaeli, aliyeshuka kutoka Machame kwa basi la kwanza.

"Hukuuliza linaomba nini?"

"Mama, wewe umewahi kuliuliza isale?"

"Sijawahi." Bibi akafikiri. "Lakini sijawahi pia kukaa na mtoto wa watu ndani."

"Tuchinje mbuzi sasa," alisema Elihuruma. "Kesho. Nitamwazima."

"Mbuzi wa leo ni mbuzi wa kesi, mwanangu. Wazee watamla, na hawatasema kitu." Kisha bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia tangu mazishi ya mumewe, alifunika uso kwa upande wa kanga, akasema kwamba moshi wa jiko hili umezidi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mchungaji alisikiliza kwa upole. Alisema cheti chake kinamtambua Brightness kama mtoto wa Mungu, na kwa upande huo hakuna mgogoro. Balozi wa nyumba kumi alisikiliza kwa upole pia. Lakini tangu vyama viwe vingi alikuwa hana hakika kama yeye bado ni balozi wa nyumba au ni balozi wa chama, na asingependa kujua kupitia kesi ya mtu.

Akabaki Reginald wa Ustawi wa Jamii. Anande alimkuta ofisini, nyuma ya meza yenye kioo.

"Mama, mwaka ule niliwaambia. Mama mzazi alikuwa hajulikani aliko. Sasa anajulikana. Yuko sebuleni kwako anakunywa chai."

"Alimtupa."

"Alimtupa, ndiyo. Hilo lingekuwa na uzito. Lakini mbele ya mashahidi umesema umesamehe, na wao wamelitangaza kanisani. Nikisimama mahakamani, niseme nini? Kwamba pande mbili zimepatana? Mahakama inapenda sana watu waliopatana. Inawaambia waende nyumbani."

"Wewe kwenu ni wapi?"

"Mwika, huko huko mlimani kwenu."

"Isale ungelikataa wewe?"

Reginald aligeukia dirisha. Chini, barabarani, watu walikuwa wanauza redio na saa kutoka nchi ambazo wasingeweza kuzionyesha kwenye ramani.

"Ningekuwa safarini," alisema.

Brightness aliambiwa na Elihuruma, kwa kuwa Anande alijaribu mara kadhaa na kila mara akaishia kumpa andazi. Mtoto alisikiliza, akauliza kama huko Nairobi kuna televisheni. Elihuruma akasema nadhani ipo. Anande alitoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo, akamchukia mtoto kwa muda mfupi, kwa nguvu zake zote.

Siku zilizofuata Brightness alianza kula polepole. Siku moja Elihuruma akimsuka, akauliza:

"Yule anti anajua kusuka?"

"Sijui."

"Basi uende ukamfundishe."

Elihuruma alisema atakwenda. Akaendelea kusuka, akafumua alichosuka, akaanza upya.

Walikuja shule zilipofungwa, kama walivyosema. Watu wa Akheri walikuwa waaminifu kwa kila jambo. Tabitha angekaa na mtoto kwao mlimani mpaka likizo iishe, ndipo wavuke mpaka. Brightness alipanda gari akiwa na sanduku la shule na kuku aliyepewa na Bibi Anaeli. Aliwapungia watu wote wa gereji mkono. Alikuwa hajawahi kupanda gari mbele, kwa dereva, na jambo hilo lilimsaidia mpaka gari lilipokata kona.

Kilichofuata nyumbani hapo hakina maelezo mengi. Anande aliacha kukaanga maandazi. Alikaa. Mama Hans alikuja na chai, akafungua mdomo kumwita, akagundua hajui amwite nani. Mama Brightness lilikuwa kisu, na Mama Maandazi lilikuwa tusi. Akasema tu, "Wewe, kunywa," akaiweka chai chini.

Siku kadhaa baadaye Anande aliinuka, akaoga, akavaa nguo ya kanisani, akamwambia mumewe anakwenda kutafuta isale.

"La nini?"

"Wao wamenichukua mtoto kwa jani. Na mimi nina mikono."

"Isale ni la mkosaji. Wewe umewakosea nini?"

Anande akafunga kilemba. Elihuruma alisema yeye hawezi kwenda kuomba msamaha wa kunyang'anywa, akarudi chini ya gari.

Isale Sakina halioti. Hapo huota vyuma. Alilipata mtaa wa Sekei, mbele ya ofisi moja yenye geti, ambako lilikuwa limepangwa kwenye vyungu kama ua la urembo. Mlinzi, mzee wa Kimasai aitwaye Lerionka, alimkuta ameinama.

"Mama, hayo ni maua ya bosi."

"Si maua."

"Najua si maua. Bosi ndiye anadhani ni maua." Akatazama nyuma. "Chukua refu. Fanya upesi."

Akheri aliikuta imebadilika kuliko alivyoisikia. Pembeni mwa njia watu walikuwa wanang'oa kahawa waliyopanda babu zao, wanapanda nyanya, kwa kuwa bei ya kahawa sasa iliamuliwa na soko huru na soko huru halikuwa limewahi kufika Akheri kuona kazi yenyewe. Mzee Manase alikuwa uani kwake, anapanga visiki vya mibuni kwa ajili ya kuni. Alimwona Anande, akaliona jani, akasimama.

Anande akapiga magoti katika udongo mwekundu, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Mzee akaweka mikono yake nyuma.

"Kabla sijalipokea, mama," alisema. "Linaomba nini?"

Wanawake waliokuwa wakichambua maharage karibu na ghala waliacha kuchambua. Mmoja akasema, "Ee Yesu," kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewahi kusikia isale likiulizwa. Lakini Mzee Manase alikuwa mtu wa kujifunza kutokana na makosa, hasa ya wengine.

"Linaomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

Njia nzima, tangu Tengeru, Anande alikuwa ametafuta kosa dogo linalotosha. Alifikiria kusema alimchapa mtoto. Alifikiria kusema hakuwashindilia chai ya pili. Sasa, magoti yakiwa yamelowa, lilitoka lile ambalo hakulitafuta.

"Nilijua ni wa Akheri. Tabitha aliniambia, zamani. Nilijua na jina lako. Nilikuwa nakuja soko la Tengeru na sikupanda. Miaka yote nilijua."

"Mama yake Tabitha amelala pale," alisema Mzee Manase, akaonyesha kwa kidevu kaburi la sementi chini ya migomba. "Mwaka wa tatu huu. Alikufa anajua hana mjukuu. Kwa ajili ya Tabitha aliugua mpaka akafa, akidhani amepotea na uzao wake wote."

"Sikujua."

"Hilo hukujua. Lile jingine ulijua."

Alisogea, akalipokea jani. Uso wake ulikuwa umekunjwa, lakini alipokea, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Hilo ni kosa kweli, mama. Si dogo. Tumekusamehe."

Anande akainua uso. "Na mtoto?"

"Mtoto yumo ndani."

"Nasema, mtanirudishia? Nilipewa isale, nikasamehe, mkachukua mtoto. Sasa mmepewa isale, mmesamehe—"

"Kosa lako lilitunyima mtoto," alisema mzee. Hakuwa na furaha kulisema. "Limeondoka. Sasa hatunyimwi."

Mwanamke mmoja alicheka kidogo, kwa woga, akanyamaza. Anande aliendelea kupiga magoti kwa kuwa hakuona sababu ya kusimama. Kila mlango aliougusa ulifunguka, na kila mlango ulifungukia Akheri. Palikuwa hapana tena mtu wa kumwendea, wala kosa la kuungama, wala jani la kukata.

Ndipo aliposikia kilio kutoka ndani. Kilikuwa kilio chembamba, cha kukwaruza, kinachopanda na kukatika. Anande alikifahamu kabla hakijapanda mara ya pili. Ni sikio. La kushoto.

Tabitha alitoka mlangoni bila suti, amefunga kanga, nywele zimetimka. Alimwona Anande, wala hakushangaa. Alikuwa amepita mahali pa kushangaa.

"Dada. Tangu jana hali, halali. Nikimgusa anapiga teke. Nimempa dawa ya maji, nimemwita nesi wa zahanati, hayupo. Anashika kichwa tu. Anakuita wewe."

"Ana nini?" aliuliza Mzee Manase.

"Sijui!" alisema Tabitha. "Mimi nitajuaje? Sijui chochote. Nairobi walinipasua tumbo, dada, wakaniambia sina tena kizazi. Huyu ndiye yupo. Huyu peke yake. Na simjui."

Anande alisimama. Mawazo yake yalikuwa safi, kama ya mtu aliyeonyeshwa kitu mezani. Akiondoka sasa, akishuka Tengeru bila kusema neno, mtoto atalia leo na kesho. Keshokutwa watachoka. Watamleta Sakina wenyewe, na gari lao, na hakuna mzee atakayekuja na hoja. Haikuhitaji jani. Ilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako wa miaka tisa.

Kilio kikapanda tena, kikakatika katikati.

"Una kitambaa cha pamba?" alisema Anande.

Aliingia. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya kahawa. Brightness alipomwona alinyoosha mikono yote miwili, akaita, na Anande akachukua hatua moja, kisha akazuia miguu yake isiende zaidi. Akamshika Tabitha mkono, akamketisha yeye kitandani.

"Mwinue kichwa. Si hivyo, atazidi kuumia. Ni sikio la kushoto. Mlaze nalo juu, kwenye paja lako. Maji ya moto kwenye kitambaa, kamua mpaka kisidondoke. Nje tu. Usimtie kitu ndani, hata wakikushauri mafuta, usitie."

"Hapa?"

"Nyuma kidogo. Zikianza mvua za masika humrudia. Akikataa chakula usimlazimishe, mpe uji wa vuguvugu, ugeuke utazame kwingine; atakunywa. Na usimwambie nyamaza. Ukimwambia nyamaza anaongeza."

"Mama," alisema Brightness, "si uje wewe."

"Anakujia huyu," alisema Anande. "Tulia."

Tabitha alikuwa analia na kukanda. Machozi yalidondoka kwenye nywele zilizosukwa kwa nguvu, mistari ya Elihuruma ikiwa bado imara.

"Rudia, dada. Pale pa kitambaa. Nisikosee."

Anande akarudia. Akashika kiganja cha Tabitha kwa juu, akakisogeza polepole mpaka mahali panapostahili, akabonyeza kidogo ili ajue uzito. Halafu akaondoa mkono wake.

Tabitha alikuwa mwepesi wa kujifunza. Chai ilipoletwa kutoka jikoni, kilio kilikuwa kimekwisha, na mtoto amelala pale pajani, kinywa wazi. Anande alibaki amesimama karibu na mlango, mikono imelegea, akingoja mtu amwonyeshe pa kukaa.